Ungetuamsha Kwanza

Nafula mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Uko Matete, umeenda kumuaga kukhu wako, na kama namfahamu mama mkwe wangu, amekukalisha jikoni mbele ya obusuma na ingokho, ugali wake na kuku, na hutapewa ruhusa ya kuondoka mpaka sahani iwe nyeupe. Mimi niko hapa nyumbani kwenye meza ya kulia. Mvua ya alasiri imeanza. Najua barabara ya huko ikilowa utachelewa kurudi, kwa hiyo nina muda.

Mambo ya blanketi, soksi, dawa na namba za kupiga ukikwama, mama yako ameshakuambia, tena mara mbili. Sitayarudia. Kesho saa tatu asubuhi unapanda basi kwenda kwenye kazi yako ya kwanza, kupiga picha za familia zilizofukuzwa na mafuriko, watu wanaolala kwenye mahema na madarasa ya shule. Ni kazi nzuri na umeipata kwa bidii yako. Nataka kukuandikia kuhusu picha moja. Kwa kweli ni mbili, na moja ni yako.

Ulipokuwa na miaka tisa kulikuwa na picha kubwa sebuleni, juu ya redio. Watu wanne wamelala kwenye veranda ya duka. Uliizoea kama watoto wengine wanavyozoea kalenda. Mwaka uliofuata ulirudi kutoka shule ukakuta haipo, pamebaki mstatili wa rangi safi kuliko ukuta wote. Uliniuliza imeenda wapi nikakuambia kioo kimevunjika. Kioo hakikuvunjika. Nilikudanganya, na uongo huo nimeuacha ukae humu ndani miaka kumi na miwili. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwauliza wengine maswali, si jambo la kujivunia.

Mambo yalikuwa hivi.

Mhariri alitaka habari ya familia zinazolala nje hapa mjini. Niliambiwa na muuza chai kwamba kuna moja kwenye veranda ya duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, nikaenda alfajiri kabla duka halijafunguliwa. Walikuwa wanne juu ya maboksi yaliyofunuliwa: baba, mama, msichana wa rika lako, na mtoto wa kiume wa kama miaka miwili. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, likiwapiga miguuni. Nakumbuka nilichowaza. Niliwaza kwamba mwanga ni mzuri.

Nilinyata kama mtu anayetega kwale. Nilijua wakiamka, picha imekwisha. Nilipiga kumi na nne nikaondoka. Muuza chai aliniuliza kama nimezungumza nao, nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Ilitoka ukurasa wa mbele. Chini yake tuliandika kwamba ni familia isiyojulikana. Mtaa mzima ule ulikuwa unawajua. Asiyewajua nilikuwa mimi, na ni kwa sababu sikuuliza. Wiki hiyo hiyo niliitengenezea fremu kubwa, nikaitundika hapa; baadaye ikanipatia cheti.

Nilichoshindwa kuona ni kwamba bango la duka lilikuwa limeingia kwenye picha, jina lote. Siku gazeti lilipotoka, mwenye duka aliwatoa kwenye veranda kabla ya saa nne. Hakutaka duka lake lijulikane kwa hilo. Nilijua habari hiyo wiki mbili baadaye, mama wa ile familia aliponifuata ofisini.

Anaitwa Rael. Askari wa mlangoni alikuja kuniambia kuna mama ananitafuta na hajasema shida. Nilimkuta amesimama kando ya ngazi, gazeti limekunjwa mara nne mkononi. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama mimi ndiye wa picha, nikakubali, nikaanza mara moja kujitetea kabla sijashtakiwa. Nilimwambia picha imesaidia, kwamba wasomaji walileta nguo. Akasema nguo walipata, asante. Halafu akafunua gazeti akaliweka juu ya ukingo wa ngazi.

"Ungetuamsha kwanza," alisema. "Ningejifunga kitambaa. Huyu baba yao angevaa shati. Shati alikuwa nalo."

Nilimpa jibu ambalo hata leo ukiingia chumba chochote cha habari utalisikia. Nilimwambia ukiamsha watu picha inakuwa ya kupangwa, haiwi ya kweli.

Akanitazama. "Kwani nikiwa macho mimi ni wa uongo?"

Nimehoji mawaziri, nimehoji wauaji, na nilisimama pale kwenye ngazi nikatazama viatu vyangu.

Siku hiyo ndipo nilipouliza mambo ambayo nilipaswa kuuliza kabla. Mume wake alikuwa anaitwa Shikuku. Alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi unazopita ukienda Lurambi zina kuta zake, ingawa hakuna aliyeandika jina lake popote. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mgongo ukaharibika, kazi ikaisha. Mwenye nyumba waliyopanga alivumilia kidogo, kisha akaja na nyundo akang'oa mlango wao wakiwa ndani. Walikaa siku kumi na leso ikining'inia mahali pa mlango. Siku ya kumi na moja akaja kung'oa mabati. Vitu vililoa, kitambulisho cha Shikuku kikapotelea kwenye matope pamoja na vyeti vya watoto.

Nilimwomba Rael radhi. Alipokea, kama mtu anavyopokea kitu asichokihitaji, akaenda. Na mimi, hapa nataka nikuambie kwa usahihi, nilirudi nyumbani jioni ile nikakaa chini ya ile picha nikala chakula. Sikuiondoa. Niliona nimeshaomba radhi, mambo yamekwisha.

Mwaka uliofuata Shikuku aliugua kifua, akafia hospitalini. Ndugu zake upande wa Lugari walikubali azikwe kando ya kaburi la baba yake, na kwa hilo Rael alishukuru, maana alikuwa ameogopa kwamba watamkataa. Sasa unajua mazishi yetu. Lazima pawe na picha ya marehemu. Inakaa kwenye kichwa cha jeneza, mtoto wake anaibeba mbele watu wakienda kaburini, na watu wa mbali wanaambiwa, huyo ndiye. Rael hakuwa nayo. Simu ya Shikuku ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonye isiyopiga picha. Kitambulisho kilikuwa kimepotea. Picha pekee ya mtu huyo duniani ilikuwa kwangu.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo ofisini walimwelekeza nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni. Mama yako alimkaribisha, akaingia na yule msichana wake, Mercy, nami nikatoka chumbani nikawakuta wamesimama katikati ya sebule. Hawakuwa wameketi. Walikuwa wanatazama juu ya redio.

Mercy alisema, polepole kama anayesoma, "Mama, ni baba."

Rael alisogea karibu na redio. Kisha akasema, "Kumbe tunaishinga hapa."

Hakusema kwa hasira. Nadhani hata ilikuwa nusu ya mzaha, ule mzaha wa mtu aliyefiwa. Mama yako aliingia jikoni na hakutoka kwa dakika kadhaa. Mimi niliendelea kusimama. Watu hawa walikuwa hawana ukuta hata mmoja, na mimi nilikuwa nimewatundika kwenye wangu, wamelala, mwaka mzima, juu ya mechi za mpira na taarifa ya saa moja.

Rael alieleza shida yake. Hakutaka ile. Alitaka kujua kama siku ile nilipiga nyingine, hata moja, yenye Shikuku akiwa ameamka. Niliwasha kompyuta tukakaa watatu tukazipitia. Ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Katika zote mtu huyo amefumba macho na mdomo uko wazi. Tulipofika mwisho Mercy aliomba tuanze tena, labda kuna tuliyoiruka. Tukaanza tena. Hakukuwa na tuliyoiruka.

Rael akaniuliza, "Wewe unapiganga tu watu wamelala?"

Niliipeleka kwa Mzee Hamisi. Ndiye huyu huyu wetu wa Mumias mwenye studio karibu na soko, aliyekuwa akikupa peremende. Nilitaka amkate Shikuku peke yake na amfungue macho kwa kompyuta. Hamisi alijaribu. Alichukua macho ya mtu mwingine kwenye picha nyingine akamwekea. Rael alipoyaona akasema hayo macho si yake, na yakafutwa.

Kule Lugari nilienda. Mercy alitangulia mbele ya jeneza amebeba fremu. Ndani ya fremu hapakuwa na picha. Palikuwa na karatasi iliyotolewa kwenye daftari la shule, na juu yake ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: BABA. SHIKUKU. FUNDI. Ndugu mmoja wa marehemu, mzee mwenye fimbo, alitembea kando yangu mpaka kaburini, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenipa habari za hali ya hewa, "Mwandishi, na kamera ulikuwanga nayo."

Niliporudi ndipo nilipoiondoa ile picha. Ndipo uliponiuliza.

Ungefikiri nilikuwa nimejifunza. Mtu hajifunzi mara moja, mama. Mimi hunichukua mara tatu. Miezi michache baadaye nilimtafuta Rael, nikamwomba nimpige picha na watoto, safari hii kwa ruhusa na wakiwa macho. Alikubali. Nikampangia: tungeenda kibanda cha sokoni walikokuwa wanalala wakati huo, wavae nguo zao za kila siku, mwanga wa asubuhi. Rael akasema hapana. Alitaka studio. Alitaka lile pazia la Hamisi lililochorwa maporomoko ya maji, na maua ya plastiki pembeni.

Nilimvuta Hamisi kando nikamwambia hii itakuwa kichekesho, hawa watu hawana hata jerikeni ya maji na tunawaweka mbele ya maporomoko. Hamisi alikuwa anafuta lenzi. Hakunitazama.

"Bwana gazeti," alisema, "picha ya harusi yako nani alipiga?"

Nikamwambia ni yeye.

"Na nyuma yako palikuwa na nini?"

Palikuwa na maporomoko yayo hayo, na maua yayo hayo.

"Wewe siku hizo ulikuwa unaishi kwenye maji?"

Rael alipewa pazia lake. Alikuja na beseni, sabuni, kitana, mafuta ya kupaka na leso mbili, na kwa karibu saa nzima hatukupiga chochote. Aliwaosha, akawachana, akamfunga Mercy kitambaa, akakifungua, akakifunga upya. Brian, yule mdogo, alilia mpaka Hamisi akampa kifuniko cha lenzi akitafune. Kisha Rael akaomba kiti cha ziada kiwekwe upande wake wa kulia. Akatoa kwenye mfuko mwiko wa ujenzi, wenye saruji iliyokauka kwenye mpini, akauweka juu ya kiti. Hapo ndipo aliketi. Akamwambia Hamisi yuko tayari.

Ukitaka kujua nilichofanya siku hiyo, nilishika taa.

Nilipompelekea picha kwenye fremu nilikuwa nategemea shukrani. Aliitazama muda mrefu, akaicheka nywele ya Brian iliyosimama, halafu akanirudishia. "Nitaiweka wapi, Baba Nafula? Mvua ikija nitaikimbiza wapi?" Hilo pia sikuwa nimelifikiria. Miaka yote hiyo ya kuandika kuhusu watu wasio na nyumba, haikuwahi kunijia kwamba picha inahitaji msumari, na msumari unahitaji ukuta wako mwenyewe.

Ni yeye aliyetoa njia. Alimwambia Hamisi kwamba yeye huning'iniza watu mbele ya studio, basi awaning'inize na wao. Hamisi akawatundika dirishani, kati ya bibi harusi mmoja na kijana aliyevaa joho la chuo kikuu. Walikaa hapo miaka minne. Siku moja yule mwenye duka la hadiwea alisimama dirishani akamwuliza Hamisi yule mama mwenye heshima ni mke wa mwalimu gani. Hamisi akamwambia, "Ni jirani yako wa zamani, sheikh. Tazama vizuri." Hamisi anasema mtu yule alitazama vizuri, na hakurudi kununua chochote pale.

Mwisho wa miaka hiyo minne Rael alipata chumba huku Lurambi, cha matofali, chenye mlango. Kabla hajahamisha hata sufuria alikwenda studio. Hamisi anasema aliingia bila kusalimu, akafungua kiganja, ndani mna msumari.

Ndiyo maana kila mwaka shule zikifungwa Hamisi hufunga duka siku moja kwa wateja, na familia zisizo na nyumba huja kupigwa picha zao. Umetusaidia kushika taa mara nyingi ukidhani ni desturi ya Hamisi ya sadaka tu. Umemwona yule mzee wa upande wa Buyangu aliyetaka asimame na birika lake, kwa kuwa ndilo lililobaki. Umemwona yule mama aliyeketi, akatutazama, akasema yeye hapigwi, akanywa chai yake akaenda, na Hamisi akamshukuru kwa kuja. Na zile ambazo wenyewe hawana pa kuziweka, umeziona zinavyojaza dirisha mpaka maharusi wamesukumwa ndani.

Mercy unamjua. Ndiye anayekusuka. Hajawahi kukuambia kwamba alikaa sebuleni kwetu kabla hamjajuana, na mimi sikumwomba anyamaze; amechagua mwenyewe. Jana nilipita kwake nikamwuliza kama naweza kukuandikia haya. Aliendelea kusuka kichwa cha mtu bila kugeuka, akasema, "Andika, Baba Nafula. Lakini andika baba alikuwa fundi." Nimeandika.

Sasa picha yako.

Wiki iliyopita ulinionyesha zile utakazowapelekea watu wa kazini. Ya kwanza ni ya mama aliyelala kwenye veranda ya duka la mbolea Lurambi, mtoto amemshika shingo, na mwanga umeingia kwa ubavu. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, siwezi kukudanganya: ni nzuri kuliko yangu. Nilisema "nzuri" nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe tuliuza mwaka juzi. Nadhani uliliona hilo, na ukadhani nimeona wivu.

Uliniambia unataka ndiyo izitangulie zote, wakuone wewe ni nani. Nimeitazama tena wakati hukuwepo, unisamehe. Ukiikuza, bango la duka linasomeka.

Sikuambii uifute. Yangu sijaifuta, iko nyuma ya kabati, imegeukia ukuta, na ukirudi nitakuonyesha zote kumi na nne. Wala sisemi hupaswi kupiga mtu akiwa katika hali mbaya. Huko unakokwenda utakuta watu katika hali mbaya, na ukiwaficha hiyo nayo ni namna ya uongo. Ninachojua ni kidogo. Yule mama wa Lurambi siku moja atafiwa, au atakufa, na mtu wake atatafuta picha. Inawezekana hakuna nyingine ila yako. Sijui jina lake. Nilipita pale jana baada ya kutoka kwa Mercy, nikamwona, amekaa anamenya miwa na mtoto wake. Sikumwuliza jina. Hiyo ni kazi yako, si yangu, na nimeshafanya kazi za wengine vibaya vya kutosha.

Basi lako ni saa tatu. Kutoka hapa mpaka Lurambi ni muda mfupi, na wenye duka hawafungui kabla ya saa mbili. Nimempigia Hamisi, anasema anaweza kufungua studio mapema, na yule mama akichagua kuketi pale pale kwenye veranda, kamera unayo. Akikataa, mtakuwa mmesalimiana. Beseni, sabuni na kitana nimeviweka mlangoni karibu na viatu vyako. Mama yako amedhani ni vya safari.

Ukiona kwamba umechoka na unataka kulala mpaka muda wa basi, lala; ni safari ndefu, na sitakulaumu. Lakini saa kumi na moja na nusu nitagonga mlango wako. Siku hizi mimi huamsha watu kwanza.

Baba yako.